Jinsi ya kupima kama ruzuku ya pikipiki za umeme inalipa: hesabu kutoka daftari langu la Igoma

Pale Igoma, jijini Mwanza, wananijua kwa jina la Mama Kulwa. Nina pikipiki mbili barabarani, zote za mkataba, na mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha kuweka na kukopa: madereva wa kijiwe, mafundi wawili, na akina mama wachache tuliotoka kwenye biashara ya dagaa. Kwenye mkutano wa mtaa lilizuka swali: serikali ifute kodi kwenye vyombo vya umeme, au hela hiyo iende kwenye zahanati na barabara? Mikono ikanyooshwa kila kona. Walioitaka ruzuku walisema umeme ni rahisi. Walioikataa walisema hayo ni mambo ya matajiri. Nilirudi nyumbani sina raha, maana pande zote mbili hakuna aliyetaja hata namba moja, na hela inayozungumzwa ni yetu sote.

Nikachukua daftari la kaunta, nikakaa na suala hilo wiki sita. Nitaeleza nilivyopiga hesabu, ili na wewe upige ya mtaa wako, maana bei za Igoma si za Sengerema wala za Bukoba.

Chukua dereva mmoja umfuate

Usipime "magari ya umeme" kwa ujumla, utapotea. Chukua chombo kimoja, dereva mmoja, njia anazopita kila siku. Mimi nilimchukua Masanja, kijana anayeendesha pikipiki yangu moja, aliyepewa na muuzaji pikipiki ya umeme aijaribu kabla hatujaamua kununua. Kwa ile ya petroli anatembea kama kilomita 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, na anaweka lita mbili na nusu. Hiyo ni siku 300 na lita 750 kwa mwaka. Andika namba hiyo juu kabisa ya ukurasa, maana kila kitu kinachofuata kinaitegemea.

Kisha soma betri. Ubavuni imeandikwa volti na ampea-saa. Yetu ilikuwa 72 na 40. Zidisha, unapata 2,880. Gawa kwa elfu, ni karibu yuniti 2.9 za umeme, yuniti zilezile unazonunua kwenye Luku. Muuzaji atakwambia kilomita inazofika. Msikilize kwa heshima, halafu kapime mwenyewe.

Tulikwenda kupima kwenye kilima cha Bugando. Nilipanda nyuma ya Masanja, mfuko wa sembe wa kilo 25 katikati yetu. Chini ya kilima kioo kilisoma asilimia 61. Pikipiki haikuunguruma hata kidogo, ilipanda kama inavutwa na kamba, na mama mmoja aliyebeba ndizi kichwani alishtuka tulipompita kwa sababu hakutusikia. Juu, kwenye geti la hospitali, kioo kilisoma 57. Asilimia nne zimeliwa kwa mwendo usiofika kilomita mbili. Kule Nyakato kwenye tambarare, asilimia nne hizohizo zilitupeleka zaidi ya kilomita tatu. Mji wetu ni wa mawe na vilima, basi anayepima atumie vilima vyake: Bugarika, Mabatini, Kitangiri. Mwisho wa wiki ya pili tukajua wastani: kwa kilomita 100 Luku yangu inakatwa yuniti nne, ukiweka na zile zinazopotelea kwenye chaja kama joto.

Sasa linganisha. Petroli niliiweka kwa shilingi 2,900 kwa lita, wewe weka bei ya mwezi wako, EWURA, wanaosimamia bei za mafuta, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Lita mbili na nusu ni shilingi 7,250. Yuniti nne kwa bei ya kawaida ya nyumbani, kama shilingi 356 kodi zote zikiwemo, ni karibu 1,430. Tofauti ni shilingi 5,820 kwa siku moja. Nilipoiona nilihesabu mara tatu.

Tahadhari moja hapa. Wengi wetu tuko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambako yuniti ni rahisi mno. Pikipiki peke yake inakula yuniti 100 kwa mwezi. Ukianza kuichaji nyumbani unatoka kwenye kundi hilo, na hata taa na redio zako zitalipiwa bei ya juu. Kwa hiyo usimpigie mtu hesabu kwa bei ya mnyonge wakati chaja yenyewe itamtoa huko.

Hesabu muda uliolala

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi ningekosea kama nisingekuwa nakaa kijiweni. Betri ya yuniti 2.9 haimalizi kilomita 100. Kufika saa saba mchana Masanja alikuwa amebakiwa na asilimia kumi na kitu. Tuliongea na dada mwenye saluni jirani na kijiwe, akakubali tuchomeke kwake kwa malipo. Waya ukapita dirishani, chaja ikawekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, feni yake inanguruma, na Masanja akakaa kwenye kivuli cha mwembe saa mbili nzima akiangalia wenzake wanaondoka na abiria. Nilimwambia aandike kila abiria ambaye angekuwa wake. Wastani ukawa watatu kwa siku, tuseme shilingi 3,000.

"Mama, umeme ni rahisi kweli," aliniambia, "ila huu muda ndio unaniumiza."

Nikaandika kauli yake pembeni ya ukurasa, kisha nikapiga hesabu ya mwaka. Akiba ya mafuta: 5,820 mara siku 300, ni shilingi 1,746,000. Oili ambayo haibadilishwi tena kila wiki mbili: karibu 230,000. Abiria waliopotea mchana: ondoa 900,000. Betri itachoka. Mpya muuzaji alisema ni milioni moja na nusu, mimi nikaipa miaka mitatu, basi kila mwaka uweke kando 500,000. Kinachobaki ni shilingi 576,000 kwa mwaka.

Pikipiki ya petroli tuliyoulizia ni milioni 2.9. Ya umeme milioni 3.9. Tofauti ya milioni moja inarudi baada ya miezi 21 hivi. Kwa mtu mwenye akiba benki hiyo ni biashara nzuri. Kwa kijana wa mkataba anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, miezi 21 ni mbali sana, na kama betri ikimfia njiani hana pa kushika. Ndiyo maana hanunui, na si kwa sababu haelewi. Nimewasikia watu wenye vyeo wakisema madereva wanahitaji elimu. Madereva wanajua kuhesabu kuliko wengi wetu. Wanahesabu kila saa.

Sasa iweke ruzuku mezani

Ruzuku ina sura nyingi na si lazima iwe hela taslimu. Kufuta kodi ni ruzuku. Bei maalumu ya umeme wa kuchajia ni ruzuku. Wenzetu wa Kenya mwaka 2023 waliondoa VAT kwenye pikipiki na mabasi ya umeme, na mwaka huohuo shirika lao la umeme likaweka bei ya pekee ya kuchaji, nafuu zaidi usiku. Rwanda walianza mwaka 2021: wakafuta ushuru na VAT kwenye vyombo, betri na vifaa vya kuchajia, wakaruhusu vituo vya kuchaji vilipie umeme kwa bei ya viwanda, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria inayosajiliwa Kigali lazima iwe ya umeme. Kwa hiyo unapoulizwa "ruzuku unaitaka?", uliza kwanza ni ipi.

Nilipima mbili. Ya kwanza, kufuta VAT. Kwetu ni asilimia 18, na kama imo ndani ya bei ya milioni 3.9 basi ni kama shilingi 595,000. Ikitoka yote, tofauti ya bei inabaki 405,000 na inarudi baada ya miezi minane na nusu. Ya pili, hela ileile iwekwe kwenye kituo cha kubadilishia betri pale stendi ya Igoma, unatoa iliyoisha unaweka iliyojaa, dakika tatu unaondoka. Hapo zile 900,000 za mchana hazipotei, mapato ya ziada yanapanda hadi 1,476,000 kwa mwaka, na tofauti ya milioni moja inarudi baada ya miezi minane.

Ukiangalia miezi tu, utasema zote ni sawa. Geuza ukurasa uangalie mwaka wa pili. Msamaha wa VAT umeshafanya kazi yake siku ya kununua, Masanja anabaki na 576,000 zake na mchana uleule chini ya mwembe. Kituo cha betri kinaendelea kumpa 1,476,000, ukitoa ada ya huduma, na kinawapa hivyohivyo wote watakaopita pale, hata aliyenunua mtumba. Hapo ndipo nilipobadili mawazo. Nilianza daftari hili nikiwa mtu wa kufuta kodi; nikamaliza nikiamini shilingi ya kwanza ya umma iende kwenye kuchaji na kwenye betri.

Kuna jambo jingine lililonisukuma huko. Mwaka 2018 serikali yetu iliondoa VAT kwenye taulo za kike. Nilifurahi, nina mabinti. Mwaka 2019 msamaha ukafutwa, serikali ikisema bei madukani haikushuka. Duka ninalonunua mimi bei haikusogea hata shilingi hamsini. Kwa hiyo katika daftari lako weka mstari wenye swali hili: kodi ikifutwa, nani atahakikisha inamfikia anayekwenda dukani? Nenda uliza bei leo, andika tarehe, halafu rudi baada ya msamaha. Usikubali kuambiwa.

Uliza kama wangenunua hata bila hiyo ruzuku

Swali hili ni gumu, na nitaliongelea kwa kitu ninachokijua vizuri.

Nilianza biashara nikinunua dagaa Mwaloni Kirumba, mzigo ukitoka Ukerewe na Ukara. Enzi hizo dagaa walivuliwa kwa karabai. Usiku usio na mwezi ukisimama ufukweni unaona ziwa limewaka kama mji mwingine. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha wachakachuaji waliokuwa wanayachanganya kwenye dizeli, na wavuvi wakalia, maana karabai moja inakula mafuta usiku kucha. Miaka iliyofuata nikaanza kuona taa nyingine: balbu ndogo nyeupe, betri, sola juu ya paa la kambi. Kambi nilizokuwa nanunua mimi zilibadilika karibu zote, na sijaona mvuvi aliyepewa hela na mtu ili abadilike. Mafuta yalimfukuza, taa mpya ikampokea.

Ndiyo hivyo na pikipiki. Wapo ambao watanunua ya umeme mwaka huu hata kodi ibaki palepale. Kila msamaha unaomwangukia mtu wa namna hiyo ni hela ya umma iliyonunua kitu ambacho tayari kilikuwa kinanunuliwa. Fanya hivi: kaa kijiweni, uliza madereva kumi, mmojammoja na pembeni, ili wasifuatane kwa majibu. "Ungenunua kwa bei ya leo?" Kisha, "ungenunua ikishuka laki sita?" Idadi inayoongezeka kati ya swali la kwanza na la pili ndiyo kazi halisi ya ruzuku. Kwetu wawili walisema ndiyo kwa la kwanza, wanne kwa la pili. Maana yake kati ya wanne watakaopata msamaha, wawili tu wameletwa nao. Gharama kwa kila mmoja aliyeongezeka si 595,000 tena, ni 1,190,000.

Hewa: fanya hesabu, usiimbe

Watetezi wengi wa ruzuku wanataja mazingira kisha wanaishia hapo. Tumia penseli. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ukaa. Lita 750 ni kilo 1,725 kwa mwaka. Umeme nao una asili yake. Wetu sehemu kubwa ni maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na gesi inatoka kusini. Hapa Mwanza tunaukumbuka pia mtambo wa Nyakato wa mafuta mazito, basi tusijidai umeme wote ni safi. Nilichukua kwamba nusu ni ya gesi, kila yuniti ikawa na kilo 0.25. Yuniti 1,200 za mwaka zinatoa kilo 300. Kinachookolewa ni kilo 1,425 kwa mwaka, tani saba na kidogo kwa miaka mitano.

Gawa 595,000 kwa tani hizo: karibu shilingi 84,000 kwa tani. Ukirekebisha kwa wale ambao wangenunua tu, karibu 167,000.

Sasa weka gari dogo la binafsi, la mtu anayetoka Capripoint kwenda ofisini na kurudi, kilomita 30 kwa siku, lita tatu. Tuseme gari la umeme ni milioni 40. VAT iliyomo ni kama milioni 6.1. Hata nikilihesabia gari hilo miaka kumi, lita zake 900 za mwaka, na nikitoa hewa ya umeme wake, linaokoa tani 16 na nusu hivi. Hiyo ni shilingi 366,000 kwa tani, zaidi ya mara nne ya pikipiki. Tena hapo sijauliza mwenye milioni 40 angenunua au asingenunua.

Marekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Walikuwa na punguzo la kodi ya mapato hadi dola 7,500 kwa gari moja. Katika miaka ya mwanzo wachumi waliochambua taarifa za kodi walikuta karibu asilimia 90 ya hela hiyo imekwenda kwa moja ya tano ya watu wenye kipato cha juu kabisa, na ndivyo ilivyotarajiwa, kwani asiyedaiwa kodi ya mapato ya kutosha hakuwa na cha kupunguziwa. Kuanzia 2023 wakaweka ukomo wa kipato, na tarehe 30 Septemba 2025 punguzo likafutwa kabisa.

Mtu ataniambia, mbona Norwei? Ni kweli, mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Lakini soma na upande wa pili wa karatasi. Walianza kusamehe kodi tangu miaka ya 1990, umeme wao karibu wote ni wa maji, na gari la petroli wanalitoza kodi nzito, hivyo la umeme likaonekana rahisi. Tena wana utajiri wa kumudu kodi walizoacha kukusanya. Na hata wao mwaka 2023 walirudisha VAT kwenye sehemu ya bei inayozidi kroni 500,000. Nchi isiyo na utajiri huo haiwezi kuchukua nusu ya habari hiyo.

Usisahau barabara

Ukurasa huu niliuandika usiku, na ulinikosesha usingizi.

Kila lita ya petroli ina tozo ya barabara na ushuru wa bidhaa, viwili hivyo pamoja ni zaidi ya shilingi 700. Mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa lita ili TARURA ipate hela ya barabara za vijijini na mitaani, na 2023 ikaja 100 nyingine kwa miradi mikubwa. Lita 750 za Masanja mara 700 ni shilingi 525,000 kwa mwaka. Siku anapohamia umeme, hela hiyo haifiki tena. Kwa miaka mitano ni zaidi ya milioni 2.6, mara nne na zaidi ya ule msamaha wa VAT tunaogombania mkutanoni. Ruzuku kubwa ni hii, na hakuna aliyeitaja.

Hela haijapotea, ipo mfukoni mwa Masanja na kwenye ada za shule za mdogo wake, na nchi imepumzika kununua nje lita 750 kwa dola. Hilo nalifurahia. Lakini barabara ya kwetu mvua za masika zikipita inabaki makorongo, na pikipiki ya umeme inapasuka tairi kama nyingine. Anayepima kwa haki anaandika mstari huu, kisha anapendekeza fidia yake. Mimi napendekeza tozo ndogo ya barabara kwa kila yuniti kwenye vituo vya kuchaji, isianze leo, ianze pale vyombo vya umeme vitakapokuwa vingi, na itangazwe mapema ili asije mtu akasema tumemgeuka.

Ukitaka kipimo cha ukubwa, rudi 2022. Bei ya mafuta ilipopanda duniani, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Ilisaidia, nauli ya daladala ilikuwa inatuelemea na nilishukuru. Bilioni 100 za mwezi mmoja ukizigawa kwa 595,000 unapata msamaha wa VAT kwa pikipiki zaidi ya 168,000. Mafuta ya mwezi ule yaliisha mwezi ule.

Weka tarehe ya mwisho kabla ya kuanza

Hili ni fupi. Desemba 2023 Ujerumani walikata ruzuku yao ya magari ya umeme ghafla, baada ya mahakama ya katiba kuwabana kwenye bajeti. Mwaka 2024 mauzo ya magari hayo yakaanguka kwa zaidi ya robo. Aliyejenga biashara kwa kuitegemea ruzuku alibaki mikono kichwani. Ruzuku inayoshuka kidogokidogo, kwa tarehe zinazojulikana, haimuumizi fundi aliyekopa kununua vifaa. Andika kwenye pendekezo lako mwaka wa kuanza, mwaka wa kupungua na mwaka wa kuisha.

Na andika betri zitakapokwenda zikifa. Nimeona kwenye mialo betri za zile taa za dagaa zimetupwa kwenye mchanga, watoto wanachezea pembeni ya maji tunayokunywa. Ruzuku isitolewe kwa muuzaji asiyepokea betri kuukuu. Muuzaji mmoja hapa mjini, simtaji, nilipomuuliza betri ikifa niipeleke wapi, alinijibu, "hilo ni lako, mama." Tulirudisha pikipiki yake siku hiyohiyo na kumtafuta mwingine.

Karatasi moja

Hesabu zikikamilika, zihamishie kwenye ukurasa mmoja. Juu weka lita, yuniti, na shilingi zinazobaki kwa dereva, ukiwa na ruzuku na bila ruzuku. Katikati weka gharama ya umma: kodi iliyosamehewa, iliyozidishwa kwa wale ambao wangenunua tu, pamoja na tozo ya barabara isiyokusanywa. Chini weka unachopata: tani za hewa, moshi unaopungua pale Buzuruga wanakosimama watoto wa shule, dola za mafuta. Mwishoni sema unachotaka kwa sentensi mbili. Yangu inasema hivi: "Tunaomba hela ya kwanza iwekwe kwenye vituo vya kubadilishia betri vya bodaboda na bajaji, na dhamana ya mkopo wa betri kupitia vyama vyetu, kwa miaka mitano. Msamaha wa VAT uishie kwenye vyombo vya kubeba abiria, magari ya binafsi yasiguswe."

Ipeleke mapema. Bajeti husomwa bungeni katikati ya Juni na mwaka wa serikali huanza Julai 1, kwa hiyo ukisubiri usikie hotuba umechelewa. Wizara ya Fedha hukaribisha mapendekezo ya kodi miezi kabla ya hapo, na Muswada wa Sheria ya Fedha ukishafika bungeni Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wananchi. Pitisha nakala kwa diwani na kwa mbunge, ikiwa na saini na idadi ya watu waliounga mkono. Sisi tulisaini 43.

Diwani aliposoma yetu aliishia kwenye mstari wa barabara, akauliza namba ile 700 nimeitoa wapi. Nikamwonyesha. Akaomba aondoke na daftari. Nikamwambia nitamtolea kopi, daftari lenyewe nalihitaji. Jumatano ya kwanza ya mwezi bei ya petroli inabadilika, na Masanja atapita asubuhi na namba zake za wiki.